Konekta Haina Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Migori

Dada yangu Mong'ina amenipigia simu mara mbili kabla sijanywa chai. Ya kwanza kusema niende kwake sokoni. Ya pili kuuliza mbona sijafika.

Anauza nguo za watoto. Kibanda kinachofuata ni cha binti yake Bochaberi, fundi. Juu ya mlango wa Bochaberi kuna kibao kinachotaja simu, redio, inveta, kamera za ulinzi, mashine za kunyolea, spika za kanisa, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kwa sababu mbao iliisha, "na mengineyo". Hayo mengineyo ndiyo kazi yake nyingi.

Habari yenyewe: kampuni moja ya Nairobi imempa Bochaberi kazi Sindo, upande wa Homa Bay, kwenye vizimba vya samaki ziwani. Atashughulikia kifaa kimoja tu – kipimo cha hewa iliyomo ndani ya maji. Hewa ikianza kupungua, kipimo kinatuma meseji na wenye samaki wanavuta vizimba hadi kwenye maji mazuri. Wiki nane za majaribio, kisha mkataba wa miaka mitatu. Sharti: asifanye ufundi mwingine wowote, mahali popote. Kibanda kifungwe.

Mong'ina anataka nimshauri msichana akubali. Hoja yake: daktari wa magonjwa yote hushinda na foleni ya watu wanaokohoa, lakini daktari wa jicho moja huitwa Profesa na hupewa kiti cha mbele kanisani. Nikasema sijawahi kusikia daktari wa jicho moja.

"Wa macho basi. Wewe usinishike maneno kama mheshimiwa."

Bochaberi alikuwa amefungua pasi ya mtu. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Hakuinua kichwa.

"Anko, vitu vyote navijua nusu. Nataka kimoja nikijue mpaka nikanyage chini yake."

Sikumshauri. Nimeripoti mafuriko, mauaji, mitihani na mbuzi walioshinda kwenye maonyesho. Kazi hiyo inafundisha kuuliza. Kujibu haifundishi.

Jumatano, 6 Agosti. Migori

Ameondoka asubuhi. Kibao kimefunikwa gunia. Nilipopita saa sita watu walikuwa wanainua gunia kuangalia kama kibao bado kiko chini yake. Kiko. Wameridhika, wamekaa kumngoja.

Jumapili, 17 Agosti. Sindo

Nilikuwa Homa Bay mjini kwa habari ya barabara. Nikaendelea hadi Sindo kumwona mpwa wangu.

Kipimo chenyewe ni kama tochi. Kinaning'inia ndani ya kizimba. Waya mrefu unatoka kwake hadi sanduku lililo ufukweni. Bochaberi alinieleza habari zake kuanzia tulipokaa hadi chai ikapoa, na ya pili ikapoa. Utando unaokua juu ya ncha. Jinsi ya kuusafisha bila kukwaruza. Kwa nini maji ya moto hubeba hewa kidogo. Sijamwona na uso huo tangu alipofaulu mtihani wa darasa la nane. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwenyekiti wa kikundi cha vizimba anaitwa Roselyn. Mwaka jana maji yaligeuka, na kulipokucha ngege, samaki wao wote, walikuwa wameelea, matumbo juu. Walichimba shimo kwa trekta. Hakulalamika aliponisimulia. Alionyesha tu shimo lilipokuwa. Sasa pana sukuma wiki nzuri sana.

Tukiwa hapo alikuja Scovia, mwenye hoteli ya pale stendi. Televisheni yake imekufa na wateja wa mpira wamehamia kwa jirani. Bochaberi akakataa kwa heshima, akamsomea mkataba wa majaribio kutoka kwenye simu: mtaalamu atashughulikia vifaa vilivyo kwenye vizimba, na si kifaa kingine chochote.

Scovia akaomba asomewe tena. Akasomewa. Akashukuru, akaondoka.

Mtu akiomba kusomewa kifungu mara ya pili, habari bado haijaisha.

Alhamisi, 28 Agosti. Migori

Simu kutoka Sindo. Scovia amekodi boti, amepeleka televisheni kwenye kizimba namba nne na kuifunga kwa kamba ya manila kwenye bomba. Kisha amerudi ufukweni kumwarifu Bochaberi kwamba kuna kifaa kwenye kizimba na hakifanyi kazi.

Bochaberi alifikiri mchana kutwa. Ni Msabato, hasomi kifungu kwa namna inayompendeza yeye. Maneno yanasema vifaa vilivyo kwenye vizimba. Televisheni iko kwenye kizimba. Akaitengeneza hukohuko, juu ya maji, na jioni akaandika kwenye ripoti ya kampuni: televisheni ya inchi thelathini na mbili, kizimba namba nne, imerudi kazini.

Nairobi wamejibu: "Asante kwa kazi nzuri."

Nikamuuliza Bochaberi kama wamesoma. Alisema anafikiri jibu linakuja lenyewe.

Jumanne, 9 Septemba. Sindo

Mhariri amesikia, ametaka habari na picha. Nimekuja.

Nilichokiona kwa macho yangu, leo asubuhi: kwenye vizimba vya kikundi kuna redio, feni, jiko la gesi, friji ndogo ya soda, amplifaya ya kanisa la Wakatoliki, na cherehani isiyokuwa na kitu chochote cha umeme. Vyote vimefungwa kamba. Watu wanangoja zamu kwenye boti, wanapiga gumzo. Boti moja ina mwanamke anayemenya njugu. Amekuja tu kusindikiza.

Kizimba namba mbili kimelala upande. Ni kazi ya Maroa, Mkuria anayeleta mahindi kutoka Isebania. Ameshusha injini yote ya mashine ya kusaga. Roselyn alimuuliza kama amewahi kuona maji.

"Mama, wewe ndiye ulisema ikiwa hapa inatengenezwa. Hukusema uzito."

Roselyn ameweka sheria. Yeyote anayeleta kifaa aje na kikombe cha chakula cha samaki, amwage mwenyewe. Ngege wamenenepa. Wamejua pia, boti ikikaribia tu wanakuja juu, na ikiwa haina kitu cha kutengenezwa wanarudi chini.

Na kutoka Migori vifurushi vinakuja kwa gari za abiria, kwa jina la fundi wa vizimba. Dada yangu ndiye anayepokea kibandani na kutuma. Kila kimoja kina kamba yake tayari. Kinyozi wa pale Oruba ametuma mashine tano na kamba tano, na karatasi yenye maneno haya: "Ya bluu ndiyo nzuri, ifungwe mbali na zingine isiambukizwe."

Nilimuuliza Bochaberi anasoma kipimo saa ngapi. Asubuhi mapema na jioni, alisema, kabla ya boti na baada ya boti. Ameanza daftari la utando wa kwenye ncha: unavyokua siku za upepo, unavyokua siku za jua. Hakuna mtu wa Nairobi aliyemwomba. Mikono yake ilikuwa ndani ya friji ya mtu alipokuwa ananiambia.

Nikasema basi unavifanya vyote viwili.

"Hapana," akasema. "Kimoja nakifanya. Vingine vinanifanya mimi."

Jumamosi hafanyi. Watu wanajua, hakuna anayeleta. Jumamosi jua likizama, boti zinatoka.

Jumapili, 14 Septemba. Migori

Mong'ina ananiambia ya kanisani jana. Mzee wa kanisa alimwomba asimame aeleze binti yake anafanya kazi gani siku hizi, ili waumini waiombee. Akasema: anapima pumzi za samaki.

Kisha mama mmoja nyuma akauliza samaki wanaugua nini.

Dada yangu hajafurahi. Alitarajia mtu atauliza kama ni Profesa.

Jumatano, 24 Septemba. Sindo

Meneja wa kampuni amekuja mwenyewe. Joash. Viatu vyeupe, jaketi la kuokolea maisha alilolivaa kutoka Nairobi. Nilidhani atamfukuza Bochaberi. Kila mtu alidhani hivyo. Scovia alikuwa amefungua kamba za televisheni yake, iliyorudi kizimbani kwa ubovu mwingine, usiku wa jana na kuirudisha hotelini kama mtu anayeficha mtuhumiwa.

Joash akazungushwa kwa boti. Akatazama injini ya kusaga. Akatazama cherehani. Hakukasirika hata kidogo. Alisema Sindo ndiyo kituo kinachoongoza kwa vifaa vilivyorudishwa kazini, kwamba grafu yake imepanda hadi imetoka kwenye ukurasa, na kwamba ofisi nzima inataka kujua siri.

Bochaberi akamweleza siri. Neno kwa neno. Televisheni, kamba, kikombe cha chakula. Mimi nilikuwepo.

Joash akasikiliza, akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema tatizo linaonekana wazi: fundi mmoja amebebeshwa eneo pana mno. Dawa ni utaalamu zaidi.

Kwa hiyo, kuanzia kesho: Bochaberi atakuwa mtaalamu wa kipimo peke yake. Si vifaa vilivyo kwenye vizimba. Kipimo, kuanzia ncha hadi kinapoishia. Na waya utakuwa na mtaalamu wake, kuanzia unapoanza hadi kwenye sanduku. Mtaalamu huyo alikuwa garini. Anaitwa Monari, wa kutoka Rongo, kijana mpole mwenye fulana mpya iliyoandikwa jina la kampuni. Yeye ameshatia sahihi mkataba wake. Alikuja, akatusalimu kwa Kikisii, akaonyeshwa waya wake.

Mkataba wa Bochaberi wa miaka mitatu utafika kwa simu majaribio yakiisha. Cheo: Mtaalamu Mkuu wa Kipimo. Kuna mafunzo Nairobi, na mwaka kesho labda nje ya nchi, mahali ambapo kuna watu wengine wawili tu wanaojua utando huo kama yeye. Hapo nikaona uso ule tena. Nakiri kazi hii anaitaka. Na akiikosa, anarudi chini ya gunia.

Scovia alikuwa amesimama pembeni anasikiliza. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, kipimo chenyewe kinaweza kubeba kilo ngapi.

Jumanne, 30 Septemba. Migori

Bochaberi amepiga. Vizimba ni vyeupe, vitu vyote vimeondolewa. Anafanya kazi yake moja na anaifanya vizuri. Monari anafanya yake. Wanakula pamoja.

Amesema siku ni ndefu sana.

Kinyozi wa Oruba amefika kwangu nyumbani na mashine ya bluu. Nilimwambia mimi ni mwandishi wa habari. Alisema anajua.

Ijumaa, 3 Oktoba. Sindo

Naandika nikiwa ndani ya boti ya Roselyn, kando ya kizimba namba moja. Mwandiko utakuwa mbaya. Nilikuja kwa sababu Bochaberi aliniomba niwepo leo. Majaribio yameisha jana, mkataba umeingia kwenye simu yake usiku. Atie sahihi kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi inaenda kwa mwingine. Hakuniomba ushauri. Aliomba niwepo tu.

Asubuhi kipimo kimenyamaza. Meseji iliyokwenda kwa Roselyn ilisema: "Hewa: haijulikani."

Bochaberi akapima kipimo. Kizima. Monari akapima waya wake kutoka sandukuni hadi mwisho. Mzima. Wakakutana katikati, juu ya kizimba, kila mmoja na upande wake mkononi. Kasoro iko kwenye konekta – kile kichwa ambacho waya unaingilia kwenye kipimo. Kimeota kutu ya kijani.

Kipimo kinaishia kabla ya konekta. Waya unaanza baada ya konekta. Wamesoma mikataba yote miwili, ya Monari na huu ambao haujatiwa sahihi. Konekta haimo. Si ya mtu.

Wakampigia Joash. Nilisikia, maana simu iliwekwa spika. Alisema wamegundua jambo muhimu sana. Alisema wasiguse. Atapeleka hoja kwa wanasheria, na pengine nafasi ya mtaalamu wa konekta itangazwe wiki ijayo.

Roselyn akauliza samaki wafanye nini mpaka wiki ijayo.

Joash akauliza ni nani huyo anayeongea.

Maji yamebadilika. Hili nalisema bila kipimo. Jana yalikuwa ya kijani, leo yana rangi ya chai ya maziwa na harufu ya yai bovu. Ngege wako juu, midomo nje, na safari hii si kwa ajili ya chakula. Roselyn hajui kama maji mabaya yameshapita au ndiyo kwanza yanakuja, na hajui yanatoka upande gani. Akivuta vizimba kuelekea upande mbaya, anawapeleka samaki kaburini mwenyewe. Ana macho mawili tu. Alisema hivyo: mwaka jana pia nilikuwa na macho mawili tu.

Bochaberi akakaa kwenye ubao wa kizimba. Akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Anko, leo mimi ni wa nani?"

Nikajibu kama shahidi mahakamani: majaribio yameisha jana, mkataba hujatia sahihi.

"Basi leo mimi ni fundi tu."

Akanipa simu yake nishike. Kwenye kioo kuna mkataba, na chini yake kitufe cha kutilia sahihi. Akaniambia nisiguse popote. Akamwomba Monari bisibisi. Monari ameshatia sahihi. Alimpa, kisha akageuka kuangalia Kisiwa cha Mfangano, akatangaza kwa sauti kwamba anaangalia Kisiwa cha Mfangano.

Bochaberi akaifungua konekta. Akaikwangua kutu kwa kucha, akaipangusa kwa kipande cha leso ya Roselyn, akakata palipooza, akaunganisha, akafunga. Meseji ya Joash iliingia katikati ya kazi hiyo. Nikamsomea: tia sahihi sasa, kwa sababu ni mfanyakazi tu anayeweza kuomba ruhusa ya kugusa konekta.

"Na nikishatia sahihi, ruhusa inachukua muda gani?"

Nikauliza kwa meseji kutoka simu yangu. Amejibu: ni suala linaloangaliwa.

Kipimo kimewaka. Simu ya Roselyn imelia meseji. Nambari ndogo, na ya pili ndogo zaidi. Bochaberi akakitoa kipimo kwenye kizimba, akakishika kwa mkono ndani ya maji, waya wake ukitufuata, akasema boti iende taratibu kuelekea kaskazini. Ndogo. Kisha magharibi. Akatulia, akasoma, akasoma tena. Magharibi inapanda. Akaeleza kwa nini, kitu kuhusu upepo wa jana na utando wa wiki nzima, na Roselyn hakusikiliza sababu. Alisikiliza upande. Tukarudi, tukafunga kamba za kizimba namba moja kwenye boti, ili tuvute.

Injini ikakohoa, ikazima.

Imekataa. Roselyn ameivuta kamba yake hadi mkono umechoka. Monari anatuangalia sasa, Mfangano amemaliza. Watu wamejaa ufukweni. Namwona Scovia, na mtu mwenye kitu kikubwa kichwani ambacho kutoka hapa kinafanana na friza.

Bochaberi amefungua kifuniko cha injini. Ana mafuta hadi kwenye viwiko. Simu iko kwenye goti langu la kushoto, kitufe kinangoja, saa kumi haiko mbali. Sanduku la spana liko kwenye goti la kulia. Ameniuliza kama mkataba bado uko wazi. Nimesema bado.

"Nikitia sahihi sasa hivi, hii injini ni ya nani?"

Nimesema sijui. Ni kweli sijui.

Ngege mmoja ameelea kando ya boti. Bochaberi hakumtazama, Roselyn alimtazama.

Kisha amenyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Lete, Anko."

Nimempa spana.

Ameipokea. Ameiangalia kidogo, ameangalia simu iliyo kwenye goti langu, amerudi kwenye injini. Sasa najiuliza kama alichoomba ni spana au simu. Simu inatetemeka. Ni Joash. Hakuna mwenye mkono safi wa kuipokea isipokuwa mimi, kwa hiyo naacha kuandika.